Kitufe Kilichohamishwa: Manung'uniko ya Watumiaji wa Simu na Kazi ya Mwalimu

Katika kazi yetu ya ualimu tunajadili sana namna ya kuingiza jambo jipya darasani, lakini ni mara chache tunajadili manung'uniko yanayofuata baada ya jambo hilo kuingizwa. Mwanafunzi akinung'unika, twasema ni mvivu. Mzazi akinung'unika, twasema haelewi. Mwalimu mwenzetu akinung'unika, twasema ni mtu wa zamani, na mjadala unaishia hapo. Katika makala hii nakusudia kuyatazama manung'uniko hayo kwa kutumia mfano ambao huenda ukamshangaza msomaji wa jarida la mbinu za kufundishia: badiliko dogo la programu ya simu lililotolewa na kampuni moja ya Marekani mwaka 2015, na jinsi watu waliokuwa na simu hizo walivyolipokea.

Nimeuchagua mfano huu kwa sababu wanachuo wetu hawana haja ya kufafanuliwa hasira iliyomo ndani yake. Nikisema darasani "mabadiliko ya mtaala", wanachuo huandika daftarini bila kuinua macho. Nikisema "siku ile ulipoamka ukakuta simu yako imebadilika", darasa zima huanza kusema kwa pamoja, na hunichukua dakika kadhaa kulituliza. Mahali penye maneno mengi namna hiyo hapana budi pana jambo la kujifunza.

Yafaa kwanza nieleze mambo yalivyokuwa. Simu za siku hizi huendeshwa na programu kuu ambayo mtengenezaji huirekebisha mara kwa mara. Marekebisho makubwa hupewa namba mpya nzima. Marekebisho madogo huongezewa nukta na tarakimu tu. Kampuni ya Apple, inayotengeneza simu ya iPhone, ilitoa toleo la 8 la programu yake iitwayo iOS mwezi Septemba 2014, na toleo la 9 likatoka Septemba 2015. Katikati yake, tarehe 30 Juni 2015, likatoka toleo la 8.4. Kwa namba yake lilikuwa badiliko dogo, la kuziba nyufa. Lakini ndani yake mlikuwa na Apple Music, huduma ya kusikiliza muziki moja kwa moja kutoka mtandaoni, jambo ambalo siku hizi huitwa utiririshaji. Mtumiaji alipewa miezi mitatu bila malipo, na baada ya hapo huko Marekani alitakiwa kulipa dola 9.99 kwa mwezi. Kwa malipo hayo alifunguliwa ghala la nyimbo zaidi ya milioni 30.

Mtu asiyezijua simu hizo atauliza: sasa ubaya uko wapi? Mtu amefunguliwa ghala la muziki, tena bure kwa robo ya mwaka, naye analalamika?

Ili tuelewe, hatuna budi kukumbuka watu hao walikuwa wanafanya nini kabla ya siku ile. Apple ilianza kuuza kifaa cha kusikilizia muziki kiitwacho iPod mwaka 2001, na duka lake la nyimbo la iTunes lilifunguliwa mwaka 2003. Kwa zaidi ya miaka kumi, basi, watu walikuwa wamezoea kununua wimbo mmoja mmoja, au kunakili santuri zao kwenye kompyuta na kisha kuzihamishia mfukoni. Wengi walirekebisha majina ya waimbaji kwa mkono wao, wakazipanga nyimbo katika orodha za safari, za kazi, za msiba na za arusi. Walipofungua programu ya muziki waliona chini ya kioo vitufe vya orodha zao, vya waimbaji, vya nyimbo, na waliweza hata kuvipanga vitufe hivyo wapendavyo. Programu ile ilikuwa kama kabati la nyumbani ambalo mwenyewe hulifungua hata gizani.

Toleo la 8.4 lilipoingia, kabati likapangwa upya. Chini ya kioo palikuwa na sehemu tano: ya kwanza ilipendekeza nyimbo za kukufaa, ya pili ilionyesha nyimbo mpya, ya tatu ilikuwa redio, ya nne iliitwa Connect, mahali ambapo wasanii waliweza kuweka habari na picha zao, na ya tano, ya mwisho kabisa, iliitwa "Muziki Wangu". Naomba msomaji azingatie mpangilio huo. Cha kampuni kilikuwa mbele mara nne, na cha mwenye simu kikawa nyuma. Palikuwa na njia ya kuificha huduma hiyo mpya kwa kuingia sehemu ya mipangilio ya simu, lakini njia hiyo ilimfaa yule tu aliyejua kwamba ipo.

Malalamiko yalikuwa ya namna nyingi, na si yote yenye uzito sawa. Wengine walikasirishwa na rangi na picha, hayo nayapita. Wengine walikasirika kwa sababu ya malipo, kwa kuwa aliyejiunga kwa majaribio angeanza kukatwa fedha miezi mitatu ikiisha, isipokuwa kama alikwenda mwenyewe kuzima malipo hayo. Hilo ni jambo la kweli, lakini ni jambo la kibiashara, na kila anayenunua bando anajua namna yake.

Yaliyonishughulisha mimi ni mengine. Kuna waliolalamika kwamba kitu kimeondolewa kimyakimya. Kabla ya toleo hilo mtu aliweza kutumia simu yake kusikiliza nyimbo zilizomo kwenye kompyuta ya nyumbani bila kuzinakili, kwa mpango ulioitwa Home Sharing. Katika 8.4 mpango huo haukuwapo tena kwa upande wa muziki. Waliokuwa wakiutumia hawakuwa wengi kama waliousikiliza muziki kwa njia nyingine, lakini kwa wao lilikuwa pigo, na kwa kuwa lilikuwa pigo la wachache, halikuwa limetangazwa kwa sauti kama yalivyotangazwa yale mapya.

Kisha kuna lalamiko ambalo naliona kuwa zito kuliko yote. Pamoja na Apple Music ilikuja maktaba ya mtandaoni iliyokusudiwa kuziweka nyimbo za mtu katika vifaa vyake vyote. Badala ya kupandisha kila wimbo kutoka kompyuta ya mtu, programu ilitafuta kama wimbo huo umo tayari katika ghala la kampuni, na ukiwamo, vifaa vyake vingine vilipewa ule wa ghalani. Tatizo ni kwamba ulinganishaji huo ulitegemea jina la wimbo, la mwimbaji na la albamu, na si sauti yenyewe. Hivyo mtu mwenye wimbo uliorekodiwa jukwaani mbele ya watu, na makofi yake na kukohoa kwake, aliweza kuufungua kwenye simu akasikia ule uliorekodiwa studio. Jina lilikuwa lilelile, mwimbaji yuleyule, lakini wimbo haukuwa wake. Nakala ya asili ilibaki kwenye kompyuta alikouweka. Ila mkononi alikuwa ameshika kitu kingine. Mwezi Julai 2015 mwandishi wa habari za teknolojia Jim Dalrymple, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameiandikia kampuni hiyo mema mengi, alieleza hadharani kwamba karibu nyimbo 4,700 zilikuwa zimempotea, na kwamba ameachana na huduma hiyo. Siku chache baadaye, kwa msaada wa watu wa Apple, alizipata nyingi kati ya hizo. Lakini kilichowagusa wasomaji wake ni maelezo yake kwamba hakuweza tena kutambua kipi katika maktaba ile ni chake na kipi si chake.

Nililisoma jambo hilo miaka kadhaa baada ya kutokea, nikaweka kalamu chini. Maana sisi walimu twalifanya kila wiki. Mtoto anaandika insha ya safari yake ya kwenda kwa bibi, ambako alikula mihogo akalala chini ya mwembe. Mwalimu anaipitia kwa wino mwekundu, anabadilisha sentensi moja baada ya nyingine zifanane na insha ya kitabuni, na mwisho wake mtoto anarudishiwa safari ya basi kwenda mbuga ya wanyama. Kichwa cha habari ni kilekile, "Safari Yangu". Insha siyo yake. Akikataa kuinakili kwa usafi, twaandika kwamba ni mzembe.

Nami nina kisa changu, ingawa kilihusu simu ya kampuni nyingine ambayo sitaitaja. Kwa muda mrefu nilikuwa nimekusanya katika simu yangu sauti za watoto wa Darasa la Kwanza na la Pili wakisoma kwa sauti, kwa ruhusa ya walimu na wazazi wao. Mmoja hutamka "r" kama "l", mwingine huruka silabi ya katikati, mwingine husoma kwa kukariri na macho yake yako dirishani. Wanachuo huzisikiliza, kisha tunajadili kila mtoto anahitaji msaada gani. Hapana kitabu kinachoweza kufanya kazi hiyo. Asubuhi moja nikasimama mbele ya wanachuo, nikafungua programu ya kusikilizia kama nilivyofanya siku zote, nikagusa mahali ambapo kidole changu kilikuwa kimezoea, na chumba kizima kikajaa muziki wa Bongo Fleva. Usiku ule simu ilikuwa imejirekebisha. Mbele zilikuwa zimewekwa nyimbo za huduma ya kulipia, na sauti za watoto wangu zilikuwa zimesogezwa chini ya kichwa kipya, hatua tatu ndani. Hakuna iliyopotea. Wanachuo walicheka sana, nami nikacheka nao, lakini kipindi cha dakika arobaini kilikuwa kimebaki na ishirini na tano nilipozipata.

Nilitumia dakika hizo zilizobaki kuwaomba wanachuo waandike, kila mmoja kwenye karatasi yake, neno la kwanza walilolitamka siku simu zao zilipobadilika. Niliyaacha matusi. Katika yaliyobaki yalijirudia maswali machache: Kiko wapi? Nani kawaruhusu? Hiki ni changu au ni chao? Nitalipishwa? Nilipoyasoma kwa sauti, mwanachuo mmoja wa nyuma akasema kwamba hayo ndiyo maswali ambayo watoto wa shule ya mazoezi waliwauliza wiki ya kwanza walipopewa vitabu vipya. Sikuwa nimelitazamia jibu hilo.

Mkufunzi mwenzangu, ambaye amefundisha miaka mingi kuliko mimi na ambaye namheshimu, hakubaliani na mimi katika jambo hili. Yeye husema kwamba binadamu hulalamikia kila kipya kisha huzoea, na kwamba mwalimu anayesikiliza kila mnong'ono hatafika mwisho wa muhtasari. Nilipomsimulia habari za toleo la 8.4 alinijibu kwa takwimu. Mwezi Oktoba 2015, miezi michache tu baada ya kelele hizo, mkuu wa Apple, Tim Cook, alitangaza kwamba watu milioni 15 walikuwa wakiitumia huduma hiyo, na milioni 6.5 kati yao walikuwa wakilipa. "Kelele zimekwenda wapi?" akaniuliza.

Kwa sehemu ana haki, na ni vyema mwanachuo alijue hilo kabla hajaanza kazi. Lalamiko la mahali kitufe kilipo aghalabu hufa lenyewe baada ya juma moja, kwa kuwa kidole hujifunza upesi. Aidha, toleo lile la 8.4 lilibeba pia dawa ya kasoro iliyogunduliwa mwezi Mei mwaka huo, ambapo ujumbe mfupi wenye mfuatano fulani wa herufi uliweza kuizima na kuiwasha upya simu ya aliyeupokea. Aliyekataa badiliko zima kwa sababu ya muziki aliikataa na dawa. Vivyo hivyo mwalimu anayekataa kitabu kipya kwa sababu ya jalada lake anawanyima watoto masahihisho yaliyomo ndani. Lakini takwimu za Tim Cook zilihesabu waliobaki na waliolipa. Hazikuhesabu mtu aliyebaki huku akiendelea kutafuta orodha yake ya nyimbo za msiba, wala aliyekata tamaa akaacha kutafuta. Idadi ya watoto walioketi darasani haituambii ni wangapi wanaofuata somo.

Tofauti hiyo kati yetu haikubaki kuwa ya maneno. Mwaka fulani tulikwenda pamoja kumkagua mwanachuo mmoja katika mazoezi ya kufundisha, Darasa la Pili. Mwanachuo huyo alikuwa amejiandaa vizuri. Alikuwa ametengeneza chati mpya ya silabi, imechapwa kwa herufi kubwa zinazosomeka hadi nyuma ya darasa, na asubuhi hiyo alikuwa ameishusha chati ya zamani ya manila, iliyochafuka na kupinda pembe, akaining'iniza yake. Watoto walipoingia, hawakukaa. Walielekeza vidole ukutani, wakaanza kuuliza, kwanza wawili watatu, halafu darasa zima: "Mwalimu, ya kwetu iko wapi?" Alijaribu kuendelea. Alipiga makofi, akaimbisha wimbo wa kutuliza, akaanza somo. Lakini kila alipomwita mtoto aje aonyeshe silabi, mtoto alitazama mahali ambapo silabi hiyo ilikuwa zamani, akanyamaza.

Mwenzangu akaandika katika fomu kwamba mwanachuo ameshindwa kulimudu darasa. Kwa alama aliyokusudia kumpa, binti huyo angelazimika kurudia mazoezi, na kurudia mazoezi maana yake ilikuwa kuwaona wenzake wakihitimu, yeye akibaki na muhula mwingine wa kulipia. Mimi niliomba tusitie saini kwanza. Tukaenda kwa mwalimu wa darasa, tukauliza habari za chati ya zamani. Akatueleza kwamba aliitengeneza na watoto hao walipokuwa Darasa la Kwanza. Kando ya kila silabi mtoto mmoja alikuwa amepewa nafasi ya kuandika neno lake mwenyewe. Kwenye "ba" palikuwa na "bata" wa mtoto fulani, kwenye "mbu" palikuwa na "mbuzi" wa mwingine, na kwenye "cho" mtoto mmoja alikuwa ameandika "chooni", jambo ambalo wenzake hawakulisahau. Watoto hawakuwa wakisoma chati ile kwa herufi peke yake. Walikuwa wakiisoma kwa kukumbuka nani kaandika nini, na mahali gani.

Nilimwambia mwenzangu kwamba kelele zile zilikuwa ushahidi kwamba watoto wamejifunza, na kwamba kilichohamishwa ni njia waliyoipitia kufika kwenye silabi. Yeye akasema kwamba mwalimu hutahiniwa kwa anachokifanya kelele zikitokea. Tulibishana kwa muda mrefu katika ofisi ya mwalimu mkuu, chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana kumtazama kwa kipindi kingine kesho yake, bila kumwambia afanye nini, ila tulimweleza tulichoambiwa na mwalimu wa darasa.

Kesho yake chati zote mbili zilikuwa ukutani, ya zamani kushoto, mpya kulia. Binti huyo akamwita mwenye "bata" aje asome neno lake kwenye chati ya manila, kisha akamtaka aitafute "ba" kwenye chati mpya na aliandike neno lake tena hapo, kwa kalamu nene. Kazi hiyo ilichukua kipindi chote na hakumaliza hata nusu ya silabi. Kwa hesabu ya muhtasari alikuwa amechelewa siku mbili. Alipata alama ya kufaulu, si ya juu, na mwenzangu akaongeza kwa mwandiko wake kwamba mwanachuo alipaswa kumuuliza mwalimu wa darasa kabla ya kugusa kitu chochote ukutani. Katika hilo nilikubaliana naye kabisa.

Turudi kwa Apple, kwani yafaa tujue kampuni yenye wahandisi wengi kiasi hicho ilifanya nini na kelele ilizozisikia. Mpango wa Home Sharing kwa muziki ulirudishwa katika toleo la 9 mwezi Septemba 2015. Mwezi Julai 2016 namna ya kulinganisha nyimbo ilibadilishwa, programu ikaanza kutambua sauti yenyewe badala ya kutegemea majina tu. Na tarehe 13 Septemba 2016, toleo la 10 lilipotoka, programu ya muziki ilipangwa upya tena: sehemu ya kwanza chini ya kioo ikawa Maktaba, yaani nyimbo za mwenye simu, na mapendekezo ya kampuni yakafuata baada yake. Ile sehemu ya Connect ikaondolewa katika safu hiyo, na mwaka 2019 ikafungwa kabisa. Imechukua miezi kama kumi na minne na nusu kwa "Muziki Wangu" kutoka mahali pa tano hadi mahali pa kwanza. Sisemi kwamba kila lalamiko liliponywa, wala kwamba malalamiko peke yake ndiyo yaliyoleta mabadiliko hayo. Lakini mtu akizipanga tarehe hizo kando ya malalamiko ya mwaka 2015, ataona kwamba yale yaliyohusu "kipi ni changu" ndiyo yaliyorudi katika marekebisho ya baadaye.

Kuna upande mwingine ambao sipendi tuusahau. Si kila sauti iliyosubiri miezi kumi na minne. Kabla hata huduma hiyo haijaanza, tarehe 21 Juni 2015, mwimbaji Taylor Swift aliiandikia Apple barua ya wazi akipinga mpango wa kutowalipa wasanii katika ile miezi mitatu ya majaribio. Siku hiyohiyo kiongozi mmoja wa kampuni, Eddy Cue, alijibu hadharani kwamba wasanii watalipwa. Barua moja, siku moja. Hoja yake ilikuwa ya haki, nami simlaumu. Ila mwalimu anayejiandaa kwenda kufundisha darasa la watoto sabini na ajiulize nani katika darasa hilo ana sauti ya kujibiwa siku hiyohiyo. Kwa kawaida ni mtoto aliyekaa mbele, au mtoto wa mwalimu, au yule asiyeogopa. Yule aliyepotelewa na neno lake ukutani huenda asiseme kitu. Atatazama tu mahali lilipokuwa.

Kwa sababu hiyo nimeanza kuwataka wanachuo wangu, wanapokwenda mazoezini, wawe na kurasa chache nyuma ya daftari la maandalio ya masomo kwa ajili ya manung'uniko tu. Kila wanapobadilisha kitu, hata kikiwa kidogo kama mahali pa kuketi au mtindo wa kuandika tarehe ubaoni, waandike watoto walisema nini, kwa maneno ya watoto wenyewe, bila kuyasafisha. Sitaki waandike "wanafunzi walionyesha upinzani". Nataka waandike "ya kwetu iko wapi". Kisha jioni wajaribu kuandika kando yake kile ambacho mtoto huyo alikuwa akikifanya zamani na ambacho sasa hawezi kukifanya. Wakikosa jibu, hiyo nayo ni habari, na waiache nafasi ikiwa wazi mpaka wamuulize mtoto.

Madaftari ya mwaka huu yamekwisha kurudi, nami ninayasoma usiku. Mengine yameandikwa kwa haraka njiani, hilo huonekana kwa rangi moja ya wino. Mengine yamejaa. Mwanachuo mmoja alibadilisha namna ya kupanga hesabu za kutoa za Darasa la Tatu, kutoka kwa mstari kwenda kwa kusimamisha. Jumatatu yake ina malalamiko sita, Jumanne manne. Jumatano ameandika: "Leo hakuna aliyeuliza. Sijui kama wamezoea au wameacha kuuliza." Pembeni nimemwandikia kwamba mtu hawezi kujua jambo hilo kwa kuwatazama, na kwamba angewapa hesabu tatu, akawaachia kila mmoja aipange kwa namna aipendayo, kisha ahesabu ni wangapi waliorudi kwenye mstari.